Mwalimu Benedetta na Neno Itikadi

Swali lililetwa na Milka, muuza samaki wa soko la Malaba. Mumewe, Titus, alikuwa fundi wa reli kule Moshi. Mwaka huo wa sabini na saba Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa inavunjika, mpaka wa Tanzania ulikuwa umefungwa, na Titus alirudi nyumbani na begi moja na hasira nyingi. Milka alipotaka kujua ni nini kilichowatenganisha watu waliokuwa wakila sahani moja, Titus alijibu kwa mkato kwamba ni itikadi, kisha akageukia ukuta akalala.

"Mwalimu," Milka akasema mbele ya darasa zima, "huyo Itikadi ni mtu wa wapi?"

Hakuna aliyecheka, maana hakuna aliyejua. Lilikuwa darasa la gumbaru, la watu wazima waliokosa shule utotoni, na lilikutana alasiri katika ukumbi wa kanisa baada ya soko kupungua. Wengi walikuwa akina mama. Walikwisha kusoma majina yao, vibao vya maduka na maandishi ya kwenye malori yaliyopanga foleni kuingia Uganda. Sasa walitaka kuelewa habari za redio.

Benedetta Amoding, mwalimu wao, hakuwa mtu wa kubabaika. Alizaliwa upande wa Kocholia, akasomeshwa na masista, akafundisha shule ya msingi miaka mingi kabla ya kuhamia gumbaru. Mumewe alikufa katika ajali ya lori mteremko wa Timboroa, naye akawalea watoto wake bila kurithiwa na ndugu yeyote wa marehemu, jambo ambalo wakwe zake walilinung'unikia mpaka wakachoka. Sauti yake ilifika sokoni bila kupazwa. Aliweka chaki chini.

"Sijui," akasema. "Njooni Alhamisi. Alhamisi nitakuwa najua."

Nyumbani kwake alikuwa akiishi binamu yake, Ongodia, aliyewahi kufundisha historia katika sekondari moja upande wa Tororo, Uganda. Alivuka mpaka kwa miguu baada ya walimu wenzake wawili kuchukuliwa na gari lisilo na namba. Tangu hapo hakushika kitabu. Alifyatua matofali nyuma ya nyumba, na aliyemwita mwalimu hakuitikiwa.

Benedetta alimkuta akikanyaga udongo. Alivua viatu, akapandisha gauni, akaingia kwenye tope pamoja naye, kwa sababu alijua kwamba Ongodia hangesimamisha kazi. Wakakanyaga. Akamuuliza maana ya neno lile.

Mwanzoni Ongodia alimwambia aliache. Kisha, kwa kuwa ualimu haumtoki mtu kwa kukimbia, akaanza kusema, kwanza kidogo, halafu kama mfereji uliozibuliwa. Itikadi, alisema, ni imani ambazo watu wamezifunga pamoja kuhusu namna nchi inavyostahili kuongozwa: mali iwe ya nani, amri itoke wapi, haki ni nini. Si dini, ingawa watu huishikilia kama dini. Alimweleza ubepari na uliberali, ujamaa na ukomunisti, uhafidhina, utaifa, ufashisti. Benedetta aliuliza, akapinga, akauliza tena. Udongo ukawa laini kupita kiasi.

"Na wale waliokufukuza," akauliza mwisho, "itikadi yao ni ipi?"

Ongodia alifikiri. "Kwetu ilitangulia bunduki," akasema. "Itikadi ilitafutwa baadaye, ya kuifunika."

Alhamisi ukumbi ulijaa. Benedetta hakuandika neno lile ubaoni. Alichora ng'ombe wawili na plau, maana kati ya Malaba na Amukura hakuna asiyejua kulima kwa maksai. Akauliza: hawa ng'ombe ni wa nani? Nani anaamua watangulie shamba gani mvua ikinyesha? Na nafaka ya wimbi ikivunwa, nani anakula nini?

Aliwaacha wajibu, akasimama kando. Milka alisema ng'ombe ni wa aliyewanunua, na anayewataka akubaliane naye bei. Anyait, mjane aliyekaa karibu na dirisha, alisema hapana, ng'ombe wawe wa kijiji kizima, walime kwa zamu, kuanzia kwa asiye na kitu. Mwingine akaenda mbali zaidi: hata ua na mashamba yenyewe yasiwe ya mtu. Mama Millicent, mkubwa kuliko wote, alisema haya yote ni kelele. Babu zao walijua nani analima lini, na anayebomoa nyumba ya zamani ajue kwanza atalala wapi. Kutoka nyuma, mwanamume mmoja wa malori alisema kinachohitajika ni mtu mmoja mwenye kiboko, na wengine wote wanyamaze, taifa lisonge mbele. Walimpigia kelele mpaka akakaa.

Walibishana mpaka mwenye kufagia ukumbi akasimama mlangoni na ufagio. Ndipo Benedetta alipogeukia ubao, akayaandika yale majina moja moja karibu na ng'ombe, akionyesha kila mmoja aliposimama. Huyu bepari. Huyu mjamaa. Huyu karibu na mkomunisti. Mama Millicent, mhafidhina. Yule wa kiboko, fashisti.

"Kumbe ninayo," Milka akasema polepole. "Nimekuwa nayo siku zote."

"Kila mtu anayo," Benedetta akasema. "Nchi nazo zinazo. Tanzania wanasema sisi huku ni mtu kula mtu. Sisi tunasema kwao hakuna cha kula. Sasa mkisikia redio, msiulize tu nani ametukana nani. Ulizeni, hao wanaotukanana wanataka ng'ombe wawe wa nani."

Ingeishia hapo kama mvua isingekaribia. Mwenye trekta na maksai wa kukodisha pande zile alikuwa mmoja, Methuselah Osukuku, mwenye duka la jumla na rafiki wa wakubwa. Alilima kwanza mashamba ya waliompendeza. Wajane walilimiwa mwisho, wimbi lao likachelewa, magugu yakalimeza. Walikuwa wameyachukulia hayo kama hali ya hewa. Lakini mtu aliyekwisha kuulizwa nani anaamua ng'ombe watangulie wapi, hawezi tena kulitazama jambo hilo kwa macho ya jana.

Anyait alikuwa na plau aliyoachiwa na mumewe, haina ng'ombe. Milka alikuwa na dume mmoja. Mama Millicent alikuwa na mwingine. Wakaunganisha. Walianza kwa Anyait, wakaenda kwa Mama Millicent, wakamalizia kwa Milka, na wengine wa darasani wakaomba kuingia katika zamu na majembe, mbegu na nguvu zao. Mvua ya kwanza iliwakuta wamelima. Kwa Osukuku hakwenda hata mmoja.

Benedetta hakuwatuma. Alipata habari kama wengine, akaenda kutazama, akarudi na fahari.

Wiki chache baadaye naibu wa chifu alimletea wito wa D.O., mkuu wa tarafa. Mashtaka yalikuwa kwamba mwalimu wa gumbaru anafundisha ukomunisti kanisani. Ongodia alipoyasikia alikusanya nguo zake, akasema heri akimbilie porini kuliko kumponza. Benedetta alimnyang'anya furushi, akaliweka juu ya kabati, akavaa gauni lake la Pasaka.

Alikwenda na darasa. Hakuwaita, walimfuata tu, kundi zima, wakakaa kwenye nyasi mbele ya ofisi. D.O. alikuwa kijana aliyetoka chuo kikuu si zamani, mtu wa mkoa wa mbali, mwenye kusikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Osukuku alikaa kitini ubavuni mwake, akasema yake kwa ufasaha. Huyu mwalimu, alisema, anawafundisha wanawake kunyang'anya watu mali. Matokeo yameonekana: ng'ombe wamekuwa wa ushirika. Leo ng'ombe, kesho maduka.

D.O. akamtaka Benedetta ajibu.

"Bwana D.O., nilifundisha majina," akasema. "Nilifundisha ukomunisti na ubepari siku moja, ubao mmoja, chaki moja. Mtu akijua jina la nyoka hajawa nyoka. Kama kuna ng'ombe wameunganishwa, waulizwe wenye ng'ombe."

Milka akaitwa. Alisimama mlangoni, harufu ya samaki wa Port Victoria ikaingia pamoja naye. D.O. akamuuliza kama yeye ni mkomunisti.

"Mimi ni bepari," Milka akasema bila kusita. "Mwalimu mwenyewe aliniandika. Mimi nataka ng'ombe wangu, shamba langu na pesa yangu."

"Sasa mbona uliunganisha?"

"Bwana D.O., niko na ng'ombe mmoja. Ng'ombe mmoja hawezi vuta plau."

Huko nje kwenye nyasi kicheko kilianza kwa mmoja kikawashika wote. D.O. alifunika mdomo. Osukuku alijiweka sawa kitini, maana hata yeye alianza biashara kwa kuungana na kaka yake, na pale nje walikuwamo waliokumbuka.

D.O. alimgeukia Benedetta. Hakumsifu. Alimwambia kwamba katika taarifa ya somo lile iliyofika mezani pake ameona kosa moja: si kila mwenye kiboko ni fashisti. Ufashisti ni imani kamili, unaliweka taifa juu ya kila mtu na kumfanya kiongozi mmoja kuwa sauti yake. Lakini askari anaweza kutawala nchi bila imani yoyote, kwa sababu tu ameshika silaha.

Benedetta alikumbuka maneno ya Ongodia kwenye tope, akaona kwamba alikuwa ameambiwa hilo na hakulishika. "Hapo nimekosa," akasema. "Nililibana ili liingie ubaoni. Nitalirekebisha Alhamisi."

Uamuzi ulitoka. Darasa liendelee, bali afisa wa elimu ya watu wazima awe anakuja kusikiliza. Ng'ombe wa akina mama ni wao. Wawaunganishe au wawatenganishe wapendavyo. Osukuku alisimama, akamsalimu kila mtu kwa mkono, kwa kuwa alikuwa mtu mwenye adabu, akaondoka na gari lake.

Hakusahau, hata hivyo. Mwezi haukuisha kamati ya kanisa, ambayo yeye alikuwa mweka hazina wake, ilisema ukumbi unahitajika kwa shughuli nyingine. Darasa likahamia baraza ya nyumba ya Milka, kati ya kamba za kuanikia samaki. Afisa wa elimu alikuja kama ilivyoamriwa, akakaa nyuma na kalamu, na Alhamisi ya tatu alikuwa amesimama akibishana na Anyait kuhusu nani anastahili kumiliki reli. Titus naye alianza kuja. Siku walipozungumzia Jumuiya, alisimulia jinsi yeye na fundi mwenzake Mtanzania walivyogawana vifaa vyao wakilia, kila mmoja akimsukumia mwenzake vilivyo bora.

Ushirika wa maksai haukudumu vile ulivyoanza. Baada ya misimu miwili Milka alinunua dume wa pili, akajitoa, na Anyait alimnunia mpaka Krismasi. Lakini nafasi yake ilijazwa, na Osukuku mwenyewe alianza kuwalimia wajane mapema, kwa bei nafuu, asije akabaki na trekta linaloota kutu. Benedetta aliwaambia wa darasani wasigombane juu ya nani ameshinda, bepari au mjamaa.

Ongodia alikubali kufundisha Jumamosi moja, kisha nyingine. Siku moja, wakiwa wamekaa wakinywa chai, alimuuliza Benedetta yeye binafsi anasimama wapi, maana aliwaandika wote ubaoni ila nafsi yake.

Benedetta alicheka kidogo. Alisema amelifikiria sana jambo hilo. Yeye aliyeitwa mkomunisti mbele ya D.O., kila akipita kanisani huusikitikia ule ukumbi, na kengele ya masista, na wimbo waliouimba kabla ya masomo, na angependa vyote virudi kama vilivyokuwa.

"Mimi ni mhafidhina," akasema, akammiminia binamu yake chai. "Na darasani nitaendelea kubishana nao wote."