Kipande cha Kijani Fukayosi

Kuna shamba la mahindi Fukayosi lililokauka hadi mabua yanavunjwa na upepo, na kwenye picha za satelaiti bado ni bichi. Ukitaka kucheka, cheka. Mimi sikusimuliwa, nimelikanyaga.

Kazi yangu ni kuhakiki ramani za ukame. Satelaiti hupiga picha, kompyuta hutia rangi: mazao hai kijani, yaliyokufa kahawia. Mimi huenda kuona kama ndivyo. Mwaka huu masika yalikata mapema, na watu wa pale walikuwa wakingoja chakula cha msaada. Lakini ofisi yetu ilikuwa imechagua shamba hilo moja liwe kipimo cha kijiji kizima, nalo likatoka kijani. Kijani maana yake hakuna msaada.

Nilifika adhuhuri. Katikati ya mabua makavu alisimama mama mtu mzima, kajitanda kanga, jembe begani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umeingia bila hodi, kama mwenzio wa juu."

"Mwenzangu yupi?"

"Huyo anayepita akichungulia mashamba ya watu. Hili nimelikaga. Mwizi akichungulia, huona nitakacho mimi."

Kago unalijua, dawa ya kulinda shamba. Nikamsihi alitoe, watu watalala njaa.

"Nilipougua walinipita mlangoni wakienda gulioni," akasema. "Na wao wapitwe."

Niliinama kufungua simu nimpige picha. Nilipoinua macho, hapakuwa na mtu, na kwenye vumbi hapakuwa na nyayo ila zangu.

Nilipomweleza mwenyekiti wa kijiji, aliweka chini kikombe chake cha chai.

"Huyo tulimzika kabla mvua hazijakata, ndugu yangu. Na kago hutolewa na aliyeliweka. Sasa utamwomba nani?"

Niamini, niliogopa. Hata hivyo niliandika nilichokiona: mahindi yamekufa. Bosi akasema picha haidanganyi. Nikamwambia aje achume hindi bichi pale, alitafune mbele yangu. Hakuja. Akanitaka nisaini kwamba hakuna ukame. Sikusaini, na sitasaini, hata anifukuze.

Nawe unayepima mashamba ya watu ukiwa mbali, usiiamini rangi kabla hujalishika bua.

Mwishowe ofisi ilikubali kuhamishia kipimo shamba la jirani. Nililikagua mwenyewe, vumbi tupu. Picha yake imefika juzi. Nalo ni kijani.