Mtu Anayelala Karibu Nawe

Wenzangu mnaosubiri kumwona daktari wa mapafu kwa mara ya kwanza, hata mimi nilikaa kwenye benchi kama ninyi. Naitwa Minza, natoka Lamadi. Kabla ya kuugua nilikuwa nakausha sangara kwa moshi tangu asubuhi hadi jioni, mwanangu Kabula akiwa mgongoni.

Kikohozi kilianza kidogo kidogo, nikasema ni mafua. Baadaye makohozi yakawa mazito, ya kijivu, na kifua kikawa kinalia kama filimbi. Nikibeba ndoo ya maji, nakaa njiani. Walinipima makohozi zaidi ya mara moja, wakasema si TB, lakini majirani hawakuamini. Mama mkwe akaja kutoka Mwandoya, akaniambia kwa upole, "Mayu, mama yangu, acha nikae na mtoto mpaka upone." Nilikubali, akaondoka naye. Ningekataaje, na mimi mwenyewe nilikuwa naogopa kumpumulia?

Kabula ndiyo kwanza alikuwa anaanza kuongea. Nyumba ikanyamaza. Gauni lake moja sikulifua, nikawa nalinusa. Tukimpigia simu, akisema tu "mama", nampa baba yake aongee.

Ndipo nikapewa rufaa kwenda kwa daktari bingwa wa mapafu, mjini Bariadi. Muuguzi aliniambia, "Nenda na picha ya kifua na dawa zote, hata za mizizi. Na uende na mtu anayelala karibu nawe. Ukiwa usingizini hujisikii."

Jioni kabla ya safari, mume wangu Masanja aliniuliza, "Utamwambia nini?"

"Kwamba nakohoa."

"Na mkojo?"

Niliinama. Nikikohoa sana mkojo ulikuwa unanitoka, nami nilidhani hajui.

"Tutasema," akasema. "Na kwamba umeacha kucheka. Ukicheka unakohoa, kwa hiyo umeacha. Nimeona."

Nililia. Kumbe naye alikuwa na hamu yake, ya kunisikia nikicheka.

Daktari alitusikiliza bila haraka. Masanja ndiye aliyetaja moshi; mimi nilikuwa nimeuzoea, sikuuona kama kitu cha kusema. Nikapuliza kwenye mrija wa mashine mpaka kizunguzungu kikanishika. Akasema, "Moshi umeharibu mirija yako ya hewa. Haitarudi kama zamani, lakini ukiuacha na ukatumia dawa ya kuvuta, utapata nafuu kubwa."

Nikauliza moja tu. "Na mtoto?"

"Ugonjwa huu hauambukizi, mama."

Moshi niliuacha. Sasa naanika dagaa juani, na dawa navuta kila siku.

Mama mkwe alipomleta Kabula, niliwapokea barabarani. Mtoto akapiga magoti mbele yangu. "Mwangaluka, mayu," akasema, salamu yetu ya asubuhi kwa Kisukuma, kama anamsalimia mgeni. Mikono yangu ilitaka kumnyakua. Nikaitikia salamu yake, nikampokea mfuko, tukatembea. Siku nyingi zilipita kabla hajanikalia mapajani mwenyewe, bila kuitwa. Siku hiyo sikuinuka kufanya kazi yoyote.

Namshukuru Mungu, na mama mkwe aliyemlea bila kumfundisha kuniogopa. Nanyi mkiingia, msione haya. Semeni na yale ya mwilini mnayoyaficha. Na aliyekusindikiza mwache aseme, maana yeye amekusikia ulipokuwa umelala.