Jogoo wa Mokambo na Mashine Iliyohama Bila Kuaga

Mwanangu, kuna Jumamosi moja ya ujana wangu ambayo imekataa kuniacha. Nimezunguka sana tangu siku ile, Kolwezi, Likasi, Solwezi ng'ambo ya mpaka, kisha tena hapa Lubumbashi, na kila nilipotua mzigo nilikuta imenitangulia. Usinihesabu bado na wazee wa fimbo. Miaka arobaini na kitu si uzee. Lakini nasikia umeanza kutengeneza mitambo ya simu za makampuni, kazi ileile niliyoifanya mimi. Basi kaa hapa, kunywa munkoyo wako polepole, unisikilize.

Wakati ule bei ya shaba ilikuwa imeanguka, na mji ulianguka nayo. Makampuni yalifunga milango moja baada ya lingine. Watu walitoa viti vyao nje wakaviuza kando ya barabara. Wengine walipanda treni kurudi kwa wazazi wao kaskazini. Asubuhi hatukuulizana tena habari za nyumbani. Tuliulizana, "Bado uko na kazi?"

Mimi nilikuwa nayo bado. Nilifanya kazi kwa mfanyabiashara mmoja wa malori, mtu wa Kivu ya Kaskazini, ambaye sisi sote tulimwita Patron. Alikuwa na ofisi katikati ya mji, maghala kule Hewa Bora, pembeni mwa mji, na depo Mokambo, mpakani na Zambia, penye watu wanane. Kila mahali palikuwa na seva ya simu. Seva hizo tatu ziliishi kama nyumba moja: ile kubwa ilikaa ofisini mjini, na wadogo zake wawili huko kwingine. Kila moja iliweka orodha ya anwani, yaani namba za kuonyesha wenzake wanakaa wapi katika mtandao, ili zitafutane na kusaidiana.

Patron alikuwa Mprotestanti asiyetania na sala. Kila siku ya kazi, saa moja asubuhi, sehemu zote tatu ziliweka simu kwenye kipaza sauti, tukaimba wimbo mmoja pamoja kabla ya mtu kugusa chochote. Sauti ya Mokambo ilipitia setilaiti, kwa hiyo ilitufikia nyuma kwa nusu pumzi. Sisi tumemaliza, wao ndio wanamaliza. Tulicheka, "Ba Mokambo bangali banavuka mpaka!" Na nyuma ya sauti zao, kila siku bila kukosa, aliwika jogoo wa Kasereka, mkuu wa depo. Katika siku zile za hofu, jogoo yule ndiye aliyetuambia kwamba Mokambo bado ipo.

Ijumaa moja Patron alitangaza kwamba tunaacha jengo la mjini, sisi wote wa mjini tunahamia Hewa Bora. Akaongeza kwamba Jumatatu, baada ya wimbo, ataongea juu ya kazi ya kila mtu. Hakusema zaidi. Mwaka ule maneno kama hayo yalikuwa na maana moja tu, na nyuso zote zilishuka.

Kazi ya kuhamisha seva kubwa na kuibadilishia anwani ilikuwa yangu. Jioni hiyo Mama Ngoie alinikuta nakunja nyaya. Yeye ndiye aliyepokea simu zote za kampuni. Alikuwa binti wa mtu wa reli, Mkatoliki wa kaskazini mwa Katanga, na alikuwa amekaa miaka mingi kwenye santrali ya zamani ya simu za mgodi, ile ambayo laini uliziunganisha kwa mkono.

"Weye, ulisha kubaambia ba Mokambo?"

"Kubaambia nini, mama?"

"Kama machine inahama."

"Mama, machine haiagane na bantu. Mi nabadilisha namba, dakika kumi, inaisha."

"Kule santrali, kama namba ya muntu inabadilika, nilikuwa naita benzake bote. Namwambia kila mumoja namba ya mupya, na yeye ananirudishia. Kama hajarudisha, sikate laini ya zamani."

"Ile ilikuwa ya zamani, mama."

Alinitazama juu ya miwani yake. "Haya, Monsieur Dakika Kumi."

Jumamosi saa nne nikaipa seva kubwa anwani mpya, nikaizima, nikaipakia kwenye gari kama mgonjwa, nikaiwasha tena Hewa Bora. Simu zote zikafa. Mdogo wake wa Hewa Bora alikuwa bado anabisha hodi kwenye mlango wa zamani, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba kaka amehama. Huyo nilimfikia, nilikaa mbele yake, nikamwandikia anwani mpya, na ilipofika mchana alikuwa anaongea.

Mokambo ilibaki kimya. Seva ya kule ilikataa maagizo kutoka anwani isiyoijua, na ilikuwa na haki. Nikataka kurudisha anwani ya zamani, lakini laini ya jengo la mjini ilikuwa imekatwa saa sita kamili, kama tulivyoomba wenyewe. Tukajaribu simu ya mkononi ya Kasereka. Wakati ule, Mokambo ulipata mtandao ukipanda juu ya kichuguu kilicho nyuma ya depo, na siku ile hakuna aliyekuwa kichuguuni.

Nilimwambia Mama Ngoie kwamba Jumatatu nitatafuta njia. Hapo akavua miwani.

"Mutoto, sikia. Mi sijue machine. Bantu ndjo najua. Mwaka huu, kama simu inanyamaza, muntu anafikiri nini?"

Akajijibu mwenyewe:

"Anafikiri banamufukuza. Kesho banafunga mizigo, banaenda. Jumatatu Patron anaimba, hakuna muntu wa kumujibu. Depo isiyo na bantu, ataiweka ya nini? Bantu munane, weye! Ulihama kama mwizi wa kuku."

Halafu akachukua karatasi, akaniamuru nimtajie anwani mpya, akaiandika kwa herufi kubwa, akanirudishia. "Sema." Nikasema. "Tena." Nikasema tena. Mara ya tatu nilikosea tarakimu moja, akacheka hadi akashika meza. "Monsieur Dakika Kumi! Na hii ndjo kichwa ya ingénieur!"

Jumapili alfajiri nilipanda lori la kampuni, na ugali wa Mama Ngoie, bukari yetu, ukiwa umefungwa ndani ya kitambaa. Neno lake la mwisho lilikuwa hili: "Ukifika, usiguse machine. Salimia bantu kwanza."

Nilifika alasiri, vumbi hadi kwenye meno. Mbele ya depo niliona magodoro yamekunjwa, mabegi yamepangwa ukutani, na watu wanane wamezunguka sufuria. Kasereka alisimama, mwiko mkononi.

"Umekuja kuchukua funguo?"

"Hapana, papa. Nimekuja kusalimia."

"Kusalimia! Simu zetu za hapa zinaongea vizuri kati yetu. Ni nyinyi tu mulinyamaza. Tukasema basi, batutupa. Kesho asubuhi kuna gari, tunaenda."

Nilimwambia ukweli wote, wa mashine na wa kiburi changu, hata jina nililopewa. Kisha mama mmoja akaanza kucheka, na wengine wakamfuata, cheko la watu waliokuwa wamebana pumzi siku nzima. Kasereka peke yake hakucheka. Alitazama ndani ya sufuria.

"Kumbe," akasema polepole, "tulimuchinja bure."

Alikuwa jogoo. Walikuwa wamemchinja kwa ajili ya kuagana, wasimwachie mtu.

Tulimla, mwanangu, tungefanya nini? Alikuwa mgumu kama mkanda wa lori. Kisha niliwasomea anwani mpya, wakanirudishia, hata mpishi. Ndipo nilipokaa mbele ya seva, nikafuta mlango wa zamani, nikaandika mpya, nikaiwasha upya. Tulingoja. Simu ikalia. Ilikuwa sauti ya Mama Ngoie, aliyekuwa amekaa kando ya simu Hewa Bora tangu atoke misani: "Mokambo? Rudisha namba!" Na watu wanane wakaimba zile tarakimu kama wimbo.

Jumatatu saa moja niliimba nikiwa Mokambo, na nikajifunza jambo ambalo hakuna kitabu kilichoniambia. Huku ni Lubumbashi iliyochelewa! Miaka yote wao walitucheka sisi, kama sisi tulivyowacheka wao. "Unaona?" Kasereka alininong'oneza. "Ba mjini banalala sana."

Wimbo ukaisha. Patron akasema kwamba ameacha jengo la mjini ili asiache mtu, hakuna anayefukuzwa. Kisha akauliza, "Mokambo, jogoo wenu yuko wapi leo?"

Wote wakanigeukia. Kasereka, mtu mzima mwenye wajukuu, akavuta pumzi, akainua shingo, akawika kwenye kipaza sauti kwa nguvu zake zote. Tulingoja nusu pumzi. Halafu kicheko cha Lubumbashi yote kikatufikia, na juu ya vyote kile cha Mama Ngoie.

Basi, mwanangu, siku ukitumwa kuhamisha anwani ya mtambo wenye wenzake, weka kwanza nakala ya akiba. Waambie wadogo anwani mpya ya mkubwa, hakikisha wameipokea, na usikate njia ya zamani kabla hawajajibu. Mkubwa mwenyewe umhamishe mwisho. Lakini kabla ya hayo yote, waambie watu, nao wakurudishie kwa midomo yao. Hasa nyakati mbaya. Mtu mwenye hofu hawezi kujua kwamba ukimya wako ni waya tu. Na akikuuliza mama asiyejua mashine, mjibu kwa heshima. Huenda anajua kile ambacho mashine inatumikia.

Mungu akupe mikono isiyo na haraka na masikio marefu. Kila nyumba utakayohamia, watu wajue pa kukupata. Na kila utakapoita, hata kama ni kwa kuchelewa nusu pumzi, usikose mtu wa kukuitikia.