Kwenye filamu, baba anampa dada yangu maji

Wakubwa shikamooni, wadogo habari zenu. Admin, naomba ufiche jina langu, huku kwetu watu wengi wanafuata ukurasa huu.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na moja, nina mtoto mmoja, nashona nguo hapa Ilongero. Zamani nilikuwa mkimbiaji. Baba ndiye aliyetufundisha mbio, mimi na dada yangu, ambaye nitamwita Salma. Tukitoka shule tulikimbia kwenye barabara ya vumbi kati ya mashamba ya alizeti, baba nyuma yetu na baiskeli. Mwenye kipaji hasa alikuwa Salma. Mimi nilikuwa namfuata tu.

Siku moja ya kiangazi jua lilikuwa kali mno. Salma akapunguza mwendo, akasema, "Baba, naomba maji." Dumu lilikuwa limefungwa kwenye baiskeli. Baba akajibu, "Maliza kwanza. Bingwa hanywi njiani." Salma akaendelea kidogo, akaanguka mbele yangu. Hakuamka tena. Nyumbani baba alisema Salma ameanguka ghafla, bila kutamka neno. Nilikuwa mtoto, tena baba ndiye kasema, sikumpinga.

Baadaye nilishinda mbio za taifa, baba akanibeba mabegani, watu wakaimba. Ndiyo hadithi iliyowaleta watu wa filamu kutoka Dar, wakasema nchi inahitaji kisa cha kweli cha kutia moyo. Walimhoji baba.

Siku ya kurekodi nikakuta binti amevaa kama Salma. Anaanguka, mzee anayemwigiza baba anatupa baiskeli, anakimbia na dumu, anamnywesha, binti anainuka, wanamaliza mbio wameshikana mikono na mdogo wake. Walirudia mara nyingi, na kila mara baba alilia. Nikamuuliza mwongozaji, "Haya ya maji mmeyatoa wapi?" Akasema, "Kwa mzee mwenyewe. Sisi tumeongeza kuinuka tu, watu watoke na furaha."

Mama alikuwa pembeni yangu. Akanishika mkono, akasema, "Miaka yote nilikuwa najiuliza. Kumbe mwanangu hakuondoka na kiu."

Tangu siku ile mama anaimba akiosha vyombo. Baba, ambaye alikuwa haipiti barabara ile hata kwa dawa, sasa anawapeleka wageni, anawaonyesha, "Hapa ndipo nilimpa maji." Kisha ananigeukia, "Si ulikuwepo?" Nami najibu, "Nilikuwepo, baba."

Lakini silali. Nikifumba macho namwona yule binti wa filamu anakunywa, na Salma amesimama nyuma yake, midomo imekauka, anasubiri zamu yake.

Jumamosi filamu inaonyeshwa mjini. Wanataka nisimame mbele ya watu niseme yote ni kweli. Mama ameniomba nitushonee vitenge vya sare.

Jana nilimwambia baba sitaweza. Akasema, "Mwanangu, najua alichoniomba. Nakisikia kila siku. Ila usinivue nguo mbele ya mama yako." Nikajua hajasahau chochote.

Nikinyamaza, namkana dada yangu hadharani. Nikisema, mama atamzika mwanae upya, na baba sidhani kama atabaki. Ndugu zangu, nyie mko mbali na nyumba yetu, labda mnaona vizuri zaidi. Nikishikishwa kipaza sauti Jumamosi, mama ananitazama, niseme nini?