Siku Rumenka Alipozaa, Kitu Hakikutoka Uani

Mwaka jana, katapila lilipochimba shimo nyuma ya makaburi ya kijiji cha Stara Greda, ulipita pale. Ulipandisha kioo cha gari kwa sababu ya harufu. Au uliona kichwa cha habari gazetini, ukafunua ukurasa wa pili kutafuta matokeo ya mpira. Usikatae. Nguruwe wa kijiji kizima waliingia shimoni mle, wagonjwa na wazima, nawe ukaangalia pembeni.

Basi leo tazama huku, walau kwa muda wa kikombe kimoja cha kahawa.

Ni asubuhi, Jumanne ya wiki iliyopita. Vidosava, mjane wa miaka sitini na mitatu, amepiga magoti bandani na ndoo ya maji ya uvuguvugu. Anamwosha Rumenka tumbo kwa sabuni ya kufulia, chuchu moja baada ya nyingine, ili watoto watakapokuja wasinyonye matope.

Rumenka amelala ubavu, macho nusu wazi. Ndiye nguruwe jike wa kwanza kuzaa katika mtaa huu tangu lile shimo.

Vidosava anabana chuchu ya mwisho kwa vidole viwili. Tone jeupe linatoka.

"Leo," anasema. "Leo hii hii, mama'angu, usinidanganye."

Banda lilishapigwa chokaa wiki nzima kabla. Mabua ya ngano ameyakatakata kwa shoka juu ya gogo, mafupi mafupi, kwa sababu mabua marefu humfunga mtoto miguu akashindwa kumkwepa mama yake. Ukutani amepigilia ubao, juu kidogo ya sakafu, ili Rumenka akijilaza kwa uzito wake wote, watoto wabaki na upenyo wa kukimbilia. Kisanduku chenye matambara kiko pembeni, taa ya joto inaning'inia juu yake. Chakula kimepunguzwa tangu jana: pumba na maji ya moto, basi.

Rumenka anainuka. Anabeba mabua kwa mdomo, anayapeleka kwenye kona, anayarudisha, anayapeleka tena.

"Anatandika kitanda," Vidosava anasema. "Mwache. Akitandika mwenyewe hulala kwa amani."

Sauti inaita kutoka getini. Ni Spasoje, jirani, rafiki wa marehemu mumewe, kofia mkononi.

"Shemeji, nikopeshe chumvi kidogo. Kabichi yangu ya kuchachusha iko kwenye pipa inaningoja."

"Rudi kwako, Spasoje. Leo hakitoki kitu."

"Hata chumvi?"

"Hata mate. Ukitema uani kwangu, yabaki humu humu."

"Ningekuwa na akili ningekuja jana."

"Ungekuwa na akili ungenunua chumvi mwezi wa nane, kama watu."

Spasoje hakukasirika. Ameegemea geti, amewasha sigara. Anaujua mwiko huu kama anavyolijua jina lake. Siku nguruwe anapozaa, chumvi, moto, hamira, hata sindano ya kushonea, hakuna kinachovuka geti mpaka mtoto wa kwanza anyonye. Kikitoka kitu, maziwa ya mama hukifuata, yakakauka.

Ndipo likaja gari jeupe la Dokta Nevenka.

Daktari huyu wa mifugo ni mtoto wa kijiji cha pili, ana mikono mikubwa na kicheko cha haraka. Siku hiyo hakucheka. Tangu homa ya nguruwe, ofisi ya mifugo ya wilaya ilitoa sharti kwa wafugaji wadogo: damu ya mama ipimwe, na ichukuliwe kabla hajazaa. Bila hivyo, mama na watoto wanaondolewa. Daktari alipangiwa kuja wiki inayofuata. Aliposikia kwamba Rumenka amewahi, aliacha kila kitu akaja mbio.

"Mama, nipe dakika tano tu. Sindano moja, nakwenda zangu."

"Unakwenda na nini?"

"Na damu, mama. Kichupa kidogo hiki."

"Hapana."

Daktari akamtazama. Spasoje akaacha kuvuta sigara.

"Dokta, hata chumvi sikumpa huyu," Vidosava akasema taratibu, "na huyu amembeba mume wangu kaburini. Leo nitoe damu? Ikishamtoka Rumenka mwilini imeshatoka, hata ikibaki uani."

"Mama, unajua wakikosa hii damu watafanya nini."

"Najua. Niliwaona wakifanya."

Akaketi juu ya ndoo aliyoigeuza. Kisha akasema jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu.

"Mwaka jana, siku nguruwe wangu alipozaa, nilimpa mwanamke mmoja hamira. Mkate wake ulikuwa hauumuki, nikamhurumia. Wiki tatu baadaye, katapila. Najua ni virusi, binti yangu. Nimesoma, si mjinga. Lakini nikiunyoosha mkono kutoa kitu leo, haunyooki."

Daktari angeweza kubisha. Angeweza kupiga simu. Badala yake alilaza mkoba kando ya kisanduku, akavua koti.

"Bibi yangu alikuwa hivi hivi," akasema. "Basi kitu hakitoki, nami sitoki. Sabuni iko wapi?"

Mtoto wa kwanza alikuja kabla ya mchana, mwekundu, anateleza kama samaki. Vidosava alimfuta pua, akachovya kitovu kwenye iodini, akampeleka kwenye chuchu. Wa nne alikuja hapumui. Daktari alimning'iniza kichwa chini, akamsugua kwa mabua, akampuliza puani huku akimtukana kwa maneno ambayo gazeti hili haliwezi kuyachapisha, mpaka akalia.

"Amekusikia," Spasoje akapiga kelele kutoka getini. "Huyo ni wangu! Ana doa sikioni, nimemwona!"

"Chunga geti, wewe!"

Yule wa kwanza alikuwa akihangaika na chuchu, inamponyoka, anaikosa. Wakawa wanamtazama wote. Alipoikamata na dang'a, yale maziwa ya kwanza, likamtoka pembeni ya mdomo, Vidosava alijipangusa mikono kwenye aproni.

"Haya dokta, chukua damu yako. Nawe Spasoje, ingia uchukue chumvi, kabla kabichi haijakuozea."

Jioni walikuwa kumi na wawili, wote wananyonya.

Majibu ya maabara yalitoka siku ya tatu: damu safi, hakuna homa. Lakini daktari alikuwa ameandika ukweli, kwamba aliichukua wakati kuzaa kumeshaanza. Spasoje alimuuliza kwa nini hakuandika asubuhi.

"Kwa sababu nilichoma sindano mchana," akajibu.

Jumatatu ofisi ilipiga simu. Sharti limevunjwa. Lori litakuja Ijumaa kuchukua mama na watoto.

Ofisa aliyezungumza na gazeti hili, akaomba asitajwe, alisema, "Utaratibu ni utaratibu." Alipoulizwa kuhusu lile shamba kubwa lenye uzio, ambako homa ilionekana kwanza mwaka jana na hakuna katapila lililopelekwa, alikumbuka kwamba ana kikao.

Sisi hatuna kikao, kwa hiyo tunakumbuka. Tunakumbuka miaka ya kutozwa mazao kwa nguvu na serikali baada ya Vita Kuu ya Pili, babu yake Vidosava aliponyofolewa sharubu katika ua huu huu kwa sababu ya debe la mafuta ya nguruwe alilowafichia wanawe. Wakati ule nao ulikuwa utaratibu. Na wakati ule nao mtaa mzima ulikuwa ndani, mapazia yamefungwa.

Vidosava hapigi kelele. Anabadilisha mabua, anahesabu masikio chini ya taa. Mtaa wake ulikuwa na nyumba nyingine tisa zenye mabanda, na yote tisa sasa ni matupu. Mpango wake ni huu: watoto wakiacha kunyonya, kila nyumba ipate mmoja, bure. Wanaobaki ni wake.

"Mwezi wa kumi na mbili hapa watu huchinja pamoja," anasema. "Huyu anashika mguu, yule anakoroga sufuria, mwingine amelewa tayari na bado hakujapambazuka. Mwaka jana kila mtu alikaa kwake kama mgonjwa. Sikusikia hata mtu akigombana. Nataka nisikie watu wakigombana tena."

Yule mwenye doa sikioni tayari anaitwa Spasoje. Spasoje mwenyewe anadai ni heshima kubwa.

Sasa wewe. Umemaliza kahawa, unataka kufunua ukurasa. Usifunue. Ijumaa, kabla ya saa mbili asubuhi, uwe Stara Greda, mbele ya geti la kijani, nyumba ya mwisho kabla ya mfereji. Huhitaji bango. Huhitaji hotuba, tumeshashiba hotuba. Leta miguu yako miwili na uisimamishe hapo, karibu na Spasoje, ambaye ameapa kufika wa kwanza. Damu ya Rumenka ni safi, na watoto wake bado wananyonya.

Lori likija, likukute. Na Ijumaa hiyo, kisitoke kitu.