Matangazo Kwenye Laptopu ya Mwalimu

Nianze kwa kukiri mwenyewe, maana nisipokiri watu wa mtaa wa Izia watawasimulia, na wao wakisimulia wanatia chumvi: mimi ndiye yule fundi wa kompyuta aliyemwaibisha mzee wa watu mbele ya ukoo wake, siku ya misa ya kumbukumbu ya mkewe, kwa sababu ya utani mmoja na kidole kimoja. Aibu ile bado ninayo. Hadi leo nikipita njia ya kwao natembea haraka kama mtu anayewahi basi, na wala siwahi kokote.

Nina kibanda cha steshenari hapa Sumbawanga mjini, natoa kopi, najazia watu fomu za mtandaoni, naweka nyimbo kwenye simu, na natengeneza kompyuta (kutengeneza kwenyewe nilijifunza kwa kuharibu, lakini mteja haambiwi hivyo). Mwalimu Oswald alikuwa mteja wangu, mzee mstaafu aliyefundisha nusu ya mji huu, mimi nikiwamo, mpole, sweta lake la kijivu halimtoki Januari hadi Desemba. Mkwe wake alimnunulia laptopu ya mtumba kule Tunduma pamoja na modemu ili asome magazeti, na siku moja mzee akaja nayo kwangu, yeye na binti yake mkubwa Leokadia, akaomba nimwekee nyimbo za kwaya alizokuwa akiziimba marehemu mkewe, zipigwe siku ya kumbukumbu ya mwaka. Nikamwambia aniachie, arudi jioni. Jioni akaikuta tayari, akashukuru, akaondoka.

Baada ya wiki mbili alirudi peke yake. Akakaa pembeni akisubiri benchi la wateja lipungue, nalo halikupungua kwa sababu ilikuwa siku ya mwisho ya maombi ya vyuo, mwisho akaniinamia sikioni akaniambia kwamba kuna wanawake wanamwandikia humu ndani na yeye hajui wanatoka wapi. Nikaifungua mbele ya wote. Kweli, kwenye kona ya skrini vidirisha vilikuwa vinachomoza kimoja baada ya kingine, mara kompyuta yako ina virusi bonyeza hapa, mara umeshinda simu, halafu akatokea dada mmoja aliyevaa nguo chache mno kwa baridi ya Ufipa, na chini yake maneno: "Habari mpenzi. Mimi ni Stella, niko kilomita 2 kutoka kwako, Sumbawanga. Nasubiri."

Benchi zima liliona. Hapo nilitakiwa kusema jambo dogo tu, kwamba haya ni matangazo, hayamjui Mwalimu wala nani, yanabandika jina la mji wowote anaokaa mtu. Nililijua hilo vizuri. Lakini macho manane yananitazama, na mimi ugonjwa wangu ni kupenda kuchekesha, nikasema kwa sauti, "Mwalimu, hawa huwa hawaji bila kuitwa." Watu wakacheka hadi aliyekuwa akitoa kopi akakosea ukurasa. Mwalimu akatabasamu kidogo na kujikuna shingo. Nikavifunga vile vidirisha kimoja kimoja, chanzo chake sikukigusa (nilikuwa na foleni), nikamwambia tayari mzee, nenda kwa amani.

Nisichokijua, na benchi lilikijua, ni kwamba si mbali na nyumba ya Mwalimu kuna zahanati, na kwenye zahanati hiyo kuna nesi anaitwa Stella, na nesi huyo ndiye aliyekuwa akienda nyumbani kwa Mwalimu miezi ya mwisho ya mkewe, kumsafisha vidonda na kumgeuza kitandani.

Jumamosi ya misa, kwenye saa nane mchana, nikapigiwa simu na mzee Kristofa, mdogo wake Mwalimu, kwamba nifike Izia nyumbani, kuna suala la kompyuta na wanamhitaji mtaalamu. Basi mtaalamu nikavaa koti. Nilifikiri nyimbo zimegoma, nikajiona nikibonyeza hapa na pale, kwaya inalia, akina mama wananiletea sahani ya wali na nyama. Njaa nayo nilikuwa nayo, siwezi kuficha.

Nilikuta turubai limefungwa uani, watu kama arobaini, wengi wametoka kijijini Kaoze na kanga zao za misa, na hakuna aliyesema karibu chakula. Katikati kuna meza, juu ya meza ile laptopu, mbele yake kiti kitupu. Mwalimu alikaa kwenye kigoda peke yake, mikono kaiweka magotini. Leokadia alisimama upande wa pili, macho mekundu. Nikatoa shikamoo ya jumla, wakaitika wachache. Kisha wakazungumza wenyewe kwa wenyewe Kifipa, na mimi ni mtoto wa Wasukuma wa kule bondeni Mtowisa, Kifipa changu kinaishia kwenye salamu, kwa hiyo nilichoambulia ni jina langu, na jina la Stella.

Mzee Kristofa akahamia Kiswahili. "Kijana, hatuna ugomvi na wewe. Ulisema dukani kwako kwamba wanawake hawa hawaji bila kuitwa. Tunataka ulirudie hapa, halafu utueleze kaka yangu aliwaita lini."

Jamani, kuna kusikia maneno yako yakirudi kutoka kinywani mwa mtu mzima. Leokadia akaeleza kwa nini wanataka kujua lini. Kama baba aliwaita baada ya mama kufa, hata mwaka haujaisha, hiyo ni dhambi yake na Mungu wake. Lakini kama yalianza mama akiwa kitandani, na huyo Stella anaingia na kutoka chumbani humo, basi yeye hataikanyaga tena nyumba hii, na Jumatatu atakwenda kwa mkubwa wa zahanati. Na Stella alikuwepo, alikuja tangu asubuhi kusaidia kupika. Wakamwita. Akatoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama, mwanzoni haelewi, halafu nikaona uso wake umeelewa.

Modemu ikachomekwa. Haikupita dakika, laptopu ikalia, kidirisha kikachomoza: Stella amekutumia picha 4. Bibi mmoja aliyekuwa karibu na meza akafanya ishara ya msalaba.

Nikasema subirini kwanza. Nikaingia kwenye mipangilio ya brauza, nikatafuta sehemu ya arifa, mahali panapoorodheshwa tovuti zilizopewa ruhusa ya kumtumia mtu vitu hivi. Orodha ilikuwa na tovuti moja tu, na tovuti hiyo niliijua kama ninavyoujua mlango wa kibanda changu. Ndiyo ninayopakulia nyimbo za kwaya za bure. Kabla haijakupa wimbo inakuletea kidirisha, bonyeza Ruhusu kuthibitisha kwamba wewe si roboti, na mimi mwenye haraka zangu nabonyeza, kila siku, kwenye mashine za wateja (nimewabonyezea wangapi, Mungu ndiye ajuaye). Nikafungua na historia. Tovuti ilifunguliwa alasiri ile ile ambayo laptopu ilikuwa mezani kwangu, nyimbo zimejipanga moja moja, na katika uwanja ule hakuna mwingine aliyeweza kuyasoma yale.

Mnajua nilifanya nini? Niliondoa ruhusa, nikafunga vidirisha, nikasema, "Ni virusi tu. Vimekwisha."

Na kweli vilikuwa vimekwisha. Kazi nzima haikufika dakika moja, dakika ambayo nilimnyima Mwalimu siku ile ya benchi. Nikaanza kuinuka, lakini mzee Kristofa akauliza virusi hivyo viliingiaje. Nikajibu kwamba vinaingia tu. Leokadia akasema hilo si jibu, mlango haujifungui wenyewe, na kama viliitwa niseme viliitwa. Nikainamia kibodi. Upepo unalipiga turubai, na mimi nawaza kibanda changu, nawaza nani ataniletea mashine akisikia fundi ndiye anayetia ugonjwa. Nilipoinua macho nikamkuta Mwalimu ananitazama. Hakumtazama binti yake wala ndugu yake, alinitazama mimi, kwa muda mrefu, na mimi nikarudisha macho kwenye kibodi.

Mwalimu akasimama. "Niliwaita mimi," akasema. "Stella hahusiki. Mwacheni arudi kazini kwake. Kama kuna kosa, ni la mwenye kompyuta."

Leokadia akaketi chini palepale, akaanza kulia. Wazee wakatazamana. Na mimi, niliyekuwa nimeshapanga jinsi ya kuaga, nikasikia mdomo wangu unasema kabla sijauruhusu: "Mwalimu hakumwita mtu. Nilibonyeza mimi."

Nikishaanza mimi sinyamazi, mnanijua. Nikaeleza yote, nyimbo, haraka, roboti, nikamgeuzia mzee Kristofa skrini asome tarehe kwenye historia, na Leokadia akaikumbuka siku ile kwa sababu ni yeye aliyemsindikiza baba yake kwangu. Mtu wa Kaoze akauliza, na jina la Stella je? Nikatoa simu yangu, nikaifungua tovuti ile ile, nikabonyeza Ruhusu kwa makusudi, ukoo mzima ukaizunguka meza kusubiri. Tulisubiri dakika nyingi kuliko nilizowahi kusubiri kitu chochote maishani. Hatimaye simu ikalia. Safari hii alikuja Joyce, naye yuko kilomita 2, naye anasubiri.

Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyenipiga pia, ingawa nadhani ningeona nafuu. Leokadia alimwendea baba yake akapiga magoti akamshika miguu. Stella aliweka mwiko mezani pembeni ya laptopu, akafungua kanga aliyojifunga kiunoni, akaikunja vizuri, akaondoka. Leokadia alimfuata hadi barabarani akimwita, na yeye hakugeuka, na ninavyosikia hajarudi katika nyumba ile mpaka leo. Hilo nalo ni langu. Mzee Kristofa akaniamuru jambo moja, kwamba nililolisema mbele ya benchi nikalifute mbele ya benchi, na Jumatatu nilisimama kibandani kwangu nikalifuta, watu wakanicheka kuliko walivyomcheka Mwalimu.

Lakini linaloniuma si hilo. Jioni ile Mwalimu alinisindikiza mwenyewe hadi barabarani (mimi ningeona afadhali anifukuze), nikamwomba radhi, kisha nikamuuliza kwa nini alikubali kosa ambalo si lake. Nilidhani alitaka kumwokoa Stella tu. Akavuta sweta lake.

"Nilikuangalia, ukanyamaza," akasema. "Wewe ndiye unayeyajua mambo haya. Nikafikiri labda kweli nilibonyeza mahali bila kujua."

Mzee aliyenifundisha kusoma saa darasa la pili alijitilia shaka yeye mwenyewe, mbele ya watoto wake, kwa sababu fundi alikuwa ameinamia kibodi. Kwa hiyo siku hizi mtu akiniletea mashine inayotoa wanawake wa kilomita mbili, sicheki, wala sitaji virusi. Naondoa ruhusa kwanza, halafu namwambia kwa sauti, benchi zima lisikie, kwamba inawezekana kabisa aliyebonyeza ni mimi.