Siku Mama Pete Alipoizuia Treni ya Binti Yake

Wewe unayeandika mtandaoni kwamba treni ya serikali "inasimama porini bila sababu", nimekuchoka. Sababu ipo. Imevaa raba zilizochoka, ina sauti kuliko honi, na wanaiita Mama Pete.

Pete yenyewe si ya kidoleni. Ni duara la chuma la kutundika begani, limefungiwa kipande cha shaba. Reli ni moja, ya kwenda ndiyo ya kurudi, na kati ya stesheni mbili pete ya kutumika ni moja tu. Dereva hana pete? Haingii, treni zisije zikagongana. Shirika la reli limeishi hivyo tangu reli inajengwa. Kompyuta waliahidiwa tangu binti wa Mama Pete ananyonya. Sasa binti anatafuta kazi.

Na siku hiyo binti alikuwamo kwenye treni ya abiria, anawahi usaili wa ualimu mjini. Treni imekaa pembeni, inasubiri ya mizigo inayotoka huko mjini ipite.

Mama Pete ana sheria yake: pokea kwanza, ndipo utoe. Mizigo ikaingia polepole, dereva kanyoosha mkono. Lakini macho ya mama yalikuwa ng'ambo, kwa binti anayempungia dirishani. Akatoa pete ya kipande cha mbele, akasahau kupokea ile dereva aliyokuja nayo, ambayo ndiyo treni ya abiria iliisubiri. Mizigo ikayoyoma na zote mbili.

 Akarukia simu, akaiambia stesheni ya mbele: "Mzuieni huyo! Kaondoka na pete yangu. Ileteni kwa pikipiki!"

Dereva wa abiria akaja mbio. "Mama, njia si nyeupe? Mizigo imepita hapa sasa hivi!"

"Imepita."

"Behewa la mwisho umeliona?"

"Kwa macho yangu haya."

"Sasa?"

"Sasa rudi ukakae, baba."

Abiria wakashuka na midomo yao. "Mpeni chai huyo mama, labda ataamka!"

Hakujificha. "Kosa ni langu. Nimetoa kabla sijapokea. Nitukaneni mpaka mchoke, treni haitoki."

Kisha akaja binti, gauni limepigwa pasi likanyooka.

"Mama, unajua nawahi nini."

"Gauni hilo si nimelipiga pasi mimi? Najua. Lakini humo ndani kuna watoto wa watu."

"Na mimi ni wa nani?"

 Mama Pete akasimama palepale, mlangoni pa chumba cha mashine ya pete, hakusogea.

Pikipiki ilipofika, vumbi tupu, aliifuta pete kwenye sketi, akaitia kwenye mashine inayozifungia pete hadi stesheni zote mbili zikubaliane, akazungumza na stesheni ya upande wa pili, ndipo akaitoa tena na kumkabidhi dereva. Treni ikaondoka. Binti hakupunga mkono.

Jioni simu ikalia.

"Walishafunga mlango, mama."

"Pole, mwanangu. Pole sana."

 Halafu binti: "Umekula?"

"Nitakula nini mimi?"

"Kale. Na kesho, mama, pokea kwanza."

Mama Pete akacheka, machozi yanamtoka.

Shirika lina maovu yake, vyoo vyake navijua. Ila huyu mwache. Treni ikisimama tena hapo porini, weka simu chini, toa kichwa dirishani, umsalimie. Mtu wa raba zilizochoka, hatakupotea.